Mashine ya Mguu Mrefu

Mshonaji mmoja wa nguo hakuwahi kushika usukani wa chombo chochote mpaka mumewe alipoumia mgongo. Mume, aliyejulikana kwa wote kama Nahodha, alikuwa amevusha watu miaka na miaka kwa boti yake ndogo ya alumini, na sasa hata kukaa kitako hawezi. Kliniki ya mazoezi ya viungo ilikuwa ng'ambo ya maji. Ikabidi mke ajifunze.

Mashine ya zamani ya boti nayo ikafa. Shemeji yake akaleta nyingine, aliyoitoa kwenye boti kubwa, akaibana nyuma na kutangaza kuwa kazi imekwisha. Lakini mguu wa mashine hiyo, ule unaoshuka majini hadi kwenye propela, ulikuwa mrefu mno. Propela ilizama kupita kiasi, maji yakaruka na kumlowesha mshonaji hadi kifuani. Kibaya zaidi, boti ikishika kasi pua yake iliinuka, ikaanguka, ikainuka tena, na kila kishindo kiliishia mgongoni kwa Nahodha, aliyelazwa kwenye godoro katikati ya boti, uso kwa uso na mkewe.

Maumivu hayakumfunga mdomo. Alilalamika njia nzima, akisema boti si cherehani. Kliniki, muuguzi aliuliza mbona hali ya mgonjwa inazidi kuwa mbaya, huku gauni la mshonaji likichuruzika maji sakafuni.

Jumamosi alifunga chumba cha kushonea, akachukua spana. Aliinua mashine kwa kipande cha mbao, na papo hapo akahamisha pini inayoingia kwenye matundu ya kupanga mwinamo wa mguu. Mashine ikapiga kelele, boti haiendi: propela ilikuwa inavuta hewa. Akarudisha vyote, pua ikaanza kudunda upya. Akabadilisha vyote tena, ikaharibika kwa namna nyingine. Vidole vilimchubuka. Mwishowe spana ikamponyoka ikatumbukia majini, akakaa ukingoni akalia kwa hasira.

Alipoingia ndani ya nyumba, Nahodha alimwuliza alibadilisha nini.

"Vyote."

"Badilisha kimoja kimoja, mama watoto. Anza na kimo. Lile bamba lililo juu ya propela lilingane na tumbo la boti. Halafu pini, tundu moja tu kuelekea kwenye boti, ujaribu."

Maelezo yenyewe hayakuchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Hapo ndipo mkewe alipopandwa na hasira kweli.

"Siku zote hizi ulikuwa unalijua hili?"

Nahodha aligeukia ukuta. "Nilitaka ushindwe," akasema. "Ukiiweza, mimi nitakuwa wa nini?"

Mkewe hakujua amwonee huruma au ampige kwa mto. Alikwenda kuazima spana kwa shemeji, akatafuta mbao nyembamba zaidi, akalinganisha bamba na tumbo la boti, akajaribu. Maji yaliacha kuruka. Akasogeza pini tundu moja. Pua ikatulia.

Safari iliyofuata walivuka bila kishindo. Nahodha alilala amefumba macho, mpaka mshonaji alipokata kona kwa kasi na mashine ikapiga ukelele, propela ikivuta hewa tena. Akapunguza mwendo.

"Kwenye kona bado," Nahodha akasema.

"Kona utazishughulikia wewe ukipona," mkewe akajibu, bado amenuna, akaelekeza boti kwenye gati la kliniki.