Ufuko Aliouchagua Dada

Dada yangu mkubwa aliolewa Ubena, mbali na bahari. Mwaka mmoja, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, mumewe alimpa ruhusa ya wiki moja aje kwetu Bagamoyo kupumzika. Aliposhuka kwenye basi alimwamkia mama, na kabla hajavua buibui akasema, "Nataka kuoga bahari."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaambiwa nimsindikize. Siku ya kwanza tulikwenda ufuko wa mjini, pale samaki wanaponadiwa. Akawatazama wanaume waliojaa pale, akasema, "Hapa hapana." Siku ya pili tulikwenda Kaole. Maji yalikuwa yamekupwa, tope la mikokoni likatufika magotini. Mimi nilicheka; yeye alihema, akakaa kitako kwenye mzizi. Nikamwona ana madaha tu.

Siku ya tatu tulifika upande wa Mbegani. Mchanga ulikuwa safi, maji mafupi, na watu hakuna.

"Hapa," akasema.

Akavua buibui, akajifunga kanga, akaingia majini. Ndipo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa imevimba toka nyayo hadi magoti, ngozi inang'aa.

"Dada, una nini?"

"Ni moyo, daktari ameniambia. Usimwambie mama, mdogo wangu. Akijua hataniacha nirudi, na wanangu wako kule."

Kisha akanirushia maji usoni, akacheka.

Siku zilizobaki tulirudi palepale. Alijilaza kwenye maji, kanga imemtandazika pembeni, akisema mwili umekuwa mwepesi kama wa mtoto. Sikupata kumwona na raha kama ile, hata siku ya harusi yake.

Haikupita miezi mitatu tukaletewa habari kwamba amefariki. Tulipofika walikwisha kumzika.

Baada ya arobaini nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mama. Alikuwa uani akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Siku zote hizo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na huko baharini, alifurahi?"

"Alifurahi sana."

Akauchukua ungo, akaendelea kupepeta. Hakunipiga wala hakunifokea. Mpaka anaingia kaburini hakunitajia tena habari ile, nami sikuthubutu kumuuliza kama alinisamehe.