Mkono Nilioufunga

Mimi nilifika darasa la pili nikaishia hapo. Kiwanda changu cha matofali pale Nguvumali nimekisimamisha kwa mikono hii, na sikumwomba mtu. Kwa hiyo nilipoitwa shuleni kumtazama mjukuu wangu akipimwa kukimbia na kuruka, ati ijulikane kama anafaa kubaki darasa la kwanza, nilikwenda kwa dharau. Mtoto wa darasa la kwanza ananisomea vichwa vya gazeti, leo mnampima miguu?

Mwalimu alikuwa binti mdogo, filimbi shingoni, karatasi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Haya, tuuone huo mtihani wenu wa kurukaruka."

Mjukuu alikimbia vizuri. Akaruka kwa mguu mmoja, kisha kwa wa pili. Akatembea juu ya mstari wa chokaa bila kuyumba. Nikamwambia mzazi mmoja, mama aliyekaa kando yangu, "Damu yangu hiyo."

"Damu yako, mzee, lakini miguu ni ya bibi yake," akanijibu.

Ikaja zamu ya kurusha mpira, kulenga duara lililochorwa ukutani. Wa kwanza ulimdondokea miguuni. Wa pili ukaenda kwa wenzake waliokaa pembeni, wakacheka. Mwalimu akaandika kitu, kisha akamwambia, "Jaribu mkono mwingine, mwanangu."

Akauficha mkono wa kushoto mgongoni. Akanitazama.

"Babu kakataza."

Mtoto huyu kazaliwa mashoto. Kwetu mkono wa kushoto ni wa chooni. Mtu hali nao, wala hampi mkubwa kitu nao. Nami sikuishia kwenye kula. Niliufunga kwa kipande cha kanga, kwenye kuandika, hata kwenye kucheza, mwaka mzima. Alipolia nikasema anadeka.

Mwalimu akanigeukia. "Babu, mwambie tu arushe. Nikiandika hivi hivi atarudishwa darasa la awali, na wale wadogo."

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini wazazi walikuwa wananitazama, na mimi nimezoea kuamrisha watu wazima. Sikutaka kukosolewa mbele yao na binti mwenye filimbi.

"Wa kulia unamtosha," nikasema.

Akarusha wa tatu. Haukufika ukutani.

Wakamrudisha awali. Anakaa kwenye vile viti vifupi, magoti yamempanda kifuani, anaimbishwa a, e, i, o, u. Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza ukweli wa ule mkono. Akasema karatasi zimeshapelekwa, tungoje mwakani.

Jioni ile nilimpa mjukuu chungwa. "Lirushe ukutani, kwa mkono unaoutaka."

Akalipokea kwa mkono wa kulia, akasema ahsante, akaliweka mezani. Wa kushoto ulikuwa mgongoni, na kile kipande cha kanga nilishakitupa siku nyingi.

Nikamsogezea gazeti. Hakuligusa.

"Mimi wa awali, babu. Kusoma hatujafika."