Mtu wa Kagunga Asiyejua Kuanika Dagaa

Wengine utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanuka dagaa waliovunda, na sioni haya kusema. Nikipita popote walipoanikwa dagaa vibaya, ile harufu nzito ikinipanda puani, narudi mara moja Rusimbi, Kigoma, kwenye uwanja wa Mama Zena, mwenye nyumba tuliyopanga. Nina miaka tisa, nimemshika mkono mdogo wangu Desi, na mama yetu amesimama mbele yetu, mikono kiunoni.

Miaka ile sisi wakimbizi Warundi tulitakiwa kukaa kambini. Tulikaa. Turubai likavuja, Desi akakohoa masika nzima, hadi siku moja mama akasema basi, akatuchukua mpaka Kigoma mjini na kuanza kuulizia chumba. Nyumba ya Mama Zena ilisifiwa na kila tuliyemuuliza: uwanja mpana, bomba karibu, shule ng'ambo ya barabara. Mwenyewe, mfanyabiashara wa dagaa, hakupokea walevi wala makapera. Alitaka wenye watoto. Alituangalia, akauliza swali moja tu, tunatoka wapi. Mama akajibu bila kupepesa macho, "Kagunga," kijiji cha wavuvi Waha kando ya ziwa, karibu na mpaka. Kiha na Kirundi vinasikilizana kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo ulimi haukutusaliti. Tukapewa chumba cha mwisho, nami nikaanza shule. Jamani, raha ya kusikia mvua ikipiga bati bila kukudondokea! Aliyezaliwa chini ya bati hawezi kuijua.

Ila njia ya mwongo ni fupi, na ya kwetu iliishia kwenye dagaa. Mama Zena alipata msiba Ujiji huku dagaa wake wakiwa wameanikwa uwanjani, bado mbichimbichi. Akamwachia mama. "Wewe mtu wa Kagunga," akamwambia, "sina haja ya kukuelekeza." Maskini mama yangu! Sisi ni watu wa milimani, watu wa maharage na viazi; ziwa tuliliona siku tulipolivuka. Jioni mawingu yalipotanda, mama akawatendea dagaa vile bibi yake alivyoyatendea maharage: akawazoa wote, akawalundika barazani, akawafunika magunia ili wasipate unyevu. Akaridhika kabisa. Kulipokucha lundo lilikuwa linafuka mvuke, na majirani walikuwa wameshaanza kuulizana kuna nini.

Mama Zena alirudi asubuhi ileile. Akainua gunia, akalishusha. Wapangaji wote walikuwa wametoka nje. "Mtu gani wa Kagunga," akauliza polepole, "asiyejua kuanika dagaa?" Nikajua tumekwisha. Tukitolewa pale, kwetu ni kambini tena, chini ya turubai, na shule nimeiaga. Nilitegemea mama apige magoti. Wapi! Alipaza sauti hadi barabarani. "Mimi ni Mrundi. Nilikudanganya, na ningekudanganya tena. Uliniuliza natoka wapi, hukuniuliza wanangu wamelala wapi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini kwanza nifundishe kuanika. Siondoki hapa na ujinga niliokuja nao."

Kuna mpangaji aliyecheka. Mama Zena hakucheka.

"Mdomo unao," akasema. "Leo zamu ya kufagia ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa unangoja nini?"

Mama akachukua ufagio. Mchana wake wakashuka wote wawili ufukweni, na huko akafundishwa: dagaa hutandazwa tabaka jembamba, hugeuzwa, na mvua ikitishia hutandazwa ndani, hawalundikwi kamwe. Msidhani tulisamehewa upesi. Mwezi mzima Mama Zena alimwita mbele za watu, "We mtu wa Kagunga!" na mama akaitika "Abee!" kwa madaha yake yote. Tulikaa pale mpaka nikamaliza shule.

Mwaka huu ilikuwa zamu yangu kutafuta nyumba. Dalali, kijana mchangamfu, alinionyesha moja nzuri, mtaa umetulia, watoto wanacheza nje. Wanangu wawili walikuwa wameshachungulia kila dirisha. "Ila dada," akaninong'oneza, "mama mwenye nyumba ana maswali. Sema wewe ni Muha wa Kasulu. Nani atajua?" Kweli, nani atajua? Kila siku tunaimba mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha tunamhoji mgeni mlangoni kwetu. Simlaumu mama kwa uongo wake. Ulituweka chini ya bati. Lakini alisimama mbele ya uwanja mzima akaufuta mwenyewe, na mimi nilikuwa pale nikisikia.

Nikampita dalali, nikabisha hodi. Mama mmoja akafungua, na kabla hajafumbua kinywa nikamwamkia.

"Shikamoo mama. Mimi ni Mrundi, nimekulia Rusimbi, nina watoto wawili. Na dagaa najua kuanika."