Namba Ishirini na Tatu

Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita kiasi, na ndio uliomponza. Miaka thelathini na moja aliandika ubaoni mbele ya watoto wa darasa la pili, herufi zimesimama wima, hakuna iliyoilalia nyenzake, na alipostaafu mtaa mzima ulishasahau jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Bi Kalamu. Barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi, jina la marehemu kwenye kibao cha kaburi, vyote vilipita mkononi mwake. Mtu akitaka kukataa jambo kwa dhati alisema, "Hata aandike Bi Kalamu, sisadiki."

Kwa hiyo kilipoanzishwa chama cha kupinga ubaguzi mtaani, hapakuwa na ubishi juu ya nani atakuwa katibu. Chama chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi: mabenchi mawili, meza iliyofungwa mguu kwa waya, na dirisha lisilofunguka, hivi kwamba kila kikao kiliisha kwa kuumwa kichwa. Mwenyekiti alikuwa nesi mstaafu, mama wa maneno machache. Kazi yao ilikuwa kuwasikiliza wakuja.

Wakuja, ndivyo walivyoitwa. Babu zao walivuka mto wakati wa vita ambavyo hakuna aliyevikumbuka vizuri. Wajukuu wamezaliwa hapa, wamefundishwa kusoma na Bi Kalamu hapa hapa, na bado ni wakuja, kana kwamba miaka sitini haijawatosha kufika. Walinyimwa vyumba vya kupanga. Walirukwa kwenye foleni ya zahanati. Fundi saa, ambaye ni mkuja, alivunjiwa kibanda mara tatu, na mara zote tatu kibanda cha mwenyeji aliyepakana naye hakikuguswa hata bati.

Shida ni kwamba hawakutaka kusema. Aliyezoea kupigwa humwogopa hata anayemletea dawa. Bi Kalamu akawa anapita nyumba hadi nyumba, daftari kwapani, akiwaambia, "Mficha uchi hazai. Ukinyamaza, nani atajua umeumizwa?" Nao, kwa kuwa alikuwa mwalimu wao, wakafunguka. Aliandika jina, nyumba, walio ndani ya nyumba, na walilotendewa. Kisha kwa rula na wino mwekundu akachora safu ya tano: Asili. Hakuna aliyemtuma. Aliona daftari halijakamilika bila safu hiyo, maana utathibitishaje kwamba mtu amebaguliwa kwa asili yake kama asili yenyewe hukuiandika? Mtu mwenye akili akikosea, hukosea kwa sababu nzuri.

Namba tisa ilikuwa bibi kizee mmoja mwenye macho mabovu, aliyenyimwa chumba cha kupanga, mama mzazi wa mkamwana wa Bi Kalamu. Namba ishirini na tatu ilikuwa mkamwana mwenyewe. Mtoto wa Bi Kalamu alioa kwa wakuja, na tuseme kweli, mama mtu hakula siku mbili aliposikia. Lakini binti alikuwa mpole na hodari, akamzalia mjukuu wa kike aliyefanana na bibi yake huyu mpaka kidevu, na moyo ukalainika. Kijana alipopata kazi ya mbali, wanawake wakabaki wawili nyumbani na yule mtoto.

Siku moja mkamwana alirudi kutoka zahanati, mtoto anaungua kwa homa. Karani wa mapokezi alikuwa amemwambia kadi za wakuja zimekwisha.

"Tutaliandika," alisema Bi Kalamu.

"Mama, yaishe tu. Nitajaribu tena kesho."

"Mwanangu, nimewaandika watu ishirini na wawili. Wangu ndiye nitamficha?"

Akaandika. Siku hiyo alijiona mtu wa haki kwelikweli.

Miezi michache baadaye akaja ofisa, kijana wa adabu, anayeamkia wakubwa. Alisema serikali sasa inataka kushirikiana na asasi za kiraia, na akaomba nakala ya daftari ili wakosaji wafuatiliwe. Aliusifu mwandiko. Mwenyekiti akamuuliza:

"Unataka majina ya waliotenda, au ya waliotendewa?"

"Mama, wewe ni nesi. Utamtibu vipi mgonjwa usiyemjua?"

Mashine ya kutolea nakala ilikuwa imekufa tangu mvua, lakini Bi Kalamu akasema ataandika kwa mkono, apewe siku mbili.

Alilinakili mezani kwake, mchana, mkamwana akifua uani. Aliandika namba tisa. Aliandika namba ishirini na mbili, fundi saa. Hapo mkono ukasimama. Hakuwaza lolote, ni mkono tu uliokataa. Kisha akajiambia kwamba kesi ya mkamwana imekwisha, kadi ilipatikana, hakuna haja ya kuisumbua ofisi. Akauruka mstari wake. Ila aliyefuata alimpa namba ishirini na nne, kwa sababu ndiyo namba yake daftarini, na Bi Kalamu hajawahi kuandika namba ya uongo tangu azaliwe.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja karatasi zikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, na juu yake maneno yaliyopigwa chapa: waliotajwa hapa chini, pamoja na wote walio ndani ya nyumba zao, walete vyeti vya kuthibitisha uraia ndani ya siku saba, la sivyo watarudishwa kwao. Chini ya maneno hayo, safu tano, herufi wima. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni mwandiko wa nani.

Mwenyekiti alikwenda kulalamika akaambiwa chama kimetoa ushirikiano mzuri. Bi Kalamu alijifungia ndani. Siku ya tano fundi saa akabisha hodi, amebeba saa ya ukutani aliyoachiwa aitengeneze.

"Nimeimaliza, Mwalimu. Sikutaka kuondoka na kitu cha mtu."

Akaitundika mwenyewe, akainyoosha, akaitazama ikitembea.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu. Baada ya ishirini na mbili huja ngapi?"

Mkamwana alikuwa mlangoni, ndoo mkononi, na alisikia. Aliitua ndoo, akatoka. Ukuta ule hakuwa ameusoma. Alidhani jina lake limo kama majina ya wenzake. Aliporudi alikaa mbele ya mkwewe.

"Mimi mbona simo?"

"Kesi yako ilikwisha, mwanangu."

"Na ya mama yangu ilikwisha. Walimpa chumba mwezi ule ule."

Saa ilisikika ukutani.

"Kumbe ulijua," alisema mkamwana, bila ukali. "Namba tisa umeiandika vizuri sana, Mama."

Siku ya nane malori mawili yalisimama mbele ya ofisi ya mtaa. Nani angekuwa na cheti cha babu aliyevuka mto kwa miguu? Bi Kalamu alimfuata mkamwana mbio mpaka pale, akamshika kanga, akimsihi hata mtoto amwachie. Mkamwana alimfunga mtoto mgongoni vizuri zaidi, akamshika mkono mama yake asiyeona, akasogea kwenye foleni.

Ofisa yule wa adabu alipitisha kidole kwenye karatasi.

"Wewe dada, jina lako halimo humu. Rudi nyumbani."

"Nimo. Ni namba ishirini na tatu. Angalia, mmeiruka."

Ofisa akaangalia, akaona kweli hesabu imeruka. Akachomoa kalamu, akamuuliza jina, na akalibananisha kati ya mistari miwili. Bi Kalamu alikuwa karibu kiasi cha kuona. Herufi zilikuwa mbovu, zimelala, na jina lenyewe amelikosea.