Bakoko Niliowafuta kwenye Orodha ya Macho

Nilimfukuza mama mzee mbele ya watu. Nianze hapo hapo, maana nikianza na kompyuta nitaonekana mwenye akili, na siku ile akili sikuwa nayo.

Ilikuwa Jumanne, mjini Baraka, kwenye uwanja wa kituo cha afya. Waganga wa macho walikuwa wametoka Bukavu kuja kupasua watu wenye mtoto wa jicho, kwa juma moja tu. Ijumaa asubuhi wangeondoka, na kwa barabara zetu hizi, nani alijua wangerudi lini? Mwenye orodha ya wagonjwa nilikuwa mimi. Nilisomea mambo ya kompyuta Uvira, na kazi yangu ni hiyo: kupokea karatasi zilizojazwa vijijini, kuziingiza kwenye mashine, kuisafisha orodha, halafu kuita watu.

Kusafisha sasa, hapo ndipo penye kazi. Watu wetu wakisikia kuna matibabu ya bure hawajiandikishi mara moja. Mtu anaandikwa parokiani Jumapili, kesho yake anaandikwa tena kwa Waprotestanti, keshokutwa anapita kwenye kituo cha afya kuhakikisha. Si wezi. Wanaogopa kusahauliwa, na wamekwisha kusahauliwa mara nyingi. Lakini munganga mkubwa alikuwa ameniambia wazi: "Dada, vile vioo vya kuweka ndani ya jicho viko kidogo. Usiniitie muntu mumoja mara tatu."

Basi nikaiandikia mashine amri. Tafuta mistari yote yenye jina moja, kijiji kimoja na mkubwa wa nyumba mmoja. Bakiza mstari ulioandikwa mwisho, futa mingine. Mwaka wa kuzaliwa sikuuweka. Niuweke wa nini? Huku mtu mzima anakuambia leo amezaliwa mwaka wa hamsini, kesho anasema hamsini na nne, na karani akichoka anamwandikia wowote. Ukilinganisha miaka, mtu mmoja atabaki watu watatu. Niliendesha amri yangu, orodha ikapungua vizuri, nikajisifu na chai nikanywa.

Yule mama mzee alitoka Lweba, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe. Nikatafuta jina lake, likatoka mara moja: mtu wa Lweba, amepewa dawa ya matone, amemalizika. Mwaka wa kuzaliwa uliandikwa 2018. Nikacheka moyoni, nikasema karani huyu naye alikuwa anasinzia.

"Mama, umeshapita," nikamwambia. "Ulipewa dawa."

"Mi? Hapana, mutoto yangu. Mi sijapewa kitu."

"Jina yako iko hapa. Iko mara moja, na dawa yake iko."

"Jina ni yangu. Lakini dawa sijaiona."

Watu nyuma yake walianza kunung'unika, jua lilikuwa kali, na mimi hasira zangu haziko mbali, kwetu wote wananijua. Nikapaza sauti. "Mama, acha kutuchezea! Unataka kupita mara mbili, na ule mwenye hajapita hata mara moja afanye nini?"

Mtu mmoja kwenye mstari akacheka. "Eh, bamama ba Lweba!"

Yule mama hakubishana tena. Akatafuta mkono wa mkwe wake hewani, akaukosa, akautafuta tena, wakaondoka. Nikaita jina lililofuata.

Jumatano saa sita nilikuwa nakula ugali na samaki wa mikeke kwa mama mmoja karibu na soko. Simu ikalia. Alikuwa baba yangu, anapiga kutoka Fizi.

"Mama, habari? Mama, umekula?"

Mimi ni Mama wa baba yangu tangu kuzaliwa kwangu. Nina jina la mama yake, na kwetu mtu hawezi kulitamka jina la mama yake hivi hivi kama anayeita mbuzi. Nilikua nyumba moja na koko, yaani huyo huyo bibi yangu. Mtu akiita jina mlangoni, tulikuwa tunaitika wote wawili, na yeye ananitania: "Majina yangu, nenda we. Mi magoti inaniuma." Majina ndivyo tunavyomwita mtu mwenye jina kama lako.

"Niko nakula, baba," nikaanza kusema, halafu nikalirudisha tonge sahanini. Jina moja. Kijiji kimoja. Mkubwa wa nyumba mmoja.

"Mama? Uko?"

"Baba, nimemufuta koko."

"Koko gani? Si alikufa zamani?"

"Nitakupigia, baba."

Nilikimbia mpaka ofisini nikiwa na unga wa ugali vidoleni. Nikaifungua orodha ya kwanza, ambayo, Mungu asifiwe, nilikuwa nimeiweka kando kabla ya kuigusa. Mara hii nikafanya jambo nililofundishwa mwaka wa kwanza kabisa na ambalo kiburi kilinisahaulisha: badala ya kuiambia mashine ifute, nikaiambia inionyeshe kwanza inachotaka kufuta. Nikaongeza sharti moja. Mistari ikifanana lakini miaka ikapishana zaidi ya kumi, hao ni watu wawili, usiwaguse.

Zilitoka jozi saba. Juu mtu wa mwaka wa hamsini na kitu, chini yake mtoto mwenye jina lile lile, nyumba ile ile. Makarani vijijini huandika wakubwa kwanza na watoto mwisho, nami nilikuwa nimeiamuru mashine ibakize wa mwisho. Kwa hiyo wote saba niliowafuta walikuwa wazee. Mtoto hata mmoja hakufutwa. Nilikaa kwenye kiti nikalia, sioni haya kusema. Mashine haiwezi kujua kwamba Mubembe, mtu wa kabila letu, humpa mtoto jina la koko wake. Mimi nilijua, tena jina lenyewe ninalo.

Watano niliwapata kwa simu za watoto wao. Mmoja, mzee mwanamume, alikuwa amekwenda shambani upande wa Lubondja na hakuna aliyeweza kumfikia. Jina lake bado liko juu kabisa ya orodha yangu, nalisoma kila nikifungua mashine. Wa saba alikuwa yule mama, na kwao hawakuwa na simu. Nikapanda pikipiki kwenda Lweba.

Mkwe wake alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa kwetu. Aliponiona akasimama, mikono kiunoni. "Umefuata nini? Unakuja kutuandika bezi, bantu ba kuiba, hata hapa kwetu?"

Mama mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka, anatoa vijiwe kwenye ndagala kwa vidole, kimoja kimoja. Pembeni yake kulikuwa na msichana wa miaka sita hivi, macho yake mekundu kidogo. Sikuhitaji kuuliza jina lake. Nilieleza yote, amri na mstari wa mwisho na miaka, nikijikanyaga kwa maneno, mpaka yule mama akanikatiza.

"Basi mashine ilizania mi na majina yangu tuko muntu mumoja."

"Si mashine, koko. Ni mi." Nikapiga magoti. "Munirehemu. Kesho ni siku ya mwisho. Twende."

"Nimekusikia," akasema. "Lakini siendi. We ulinisema mbele ya bantu, sasa unakuja kuniomba pole mbele ya ndagala?"

Mkwe akacheka bila kupenda. Mimi sikucheka, maana alikuwa na haki. Nikamwahidi kwamba kesho asubuhi, mbele ya mstari wa watu, nitasema.

"Kwa sauti ile ile?"

"Kwa sauti ile ile, koko."

Alhamisi nilisimama juu ya benchi. Nikapaza sauti kuliko Jumanne. Nikasema huyu mama hakudanganya, mwenye kosa ni mimi, nilimfuta kwa sababu ana jina moja na mjukuu wake, na nikamwita mwongo wakati macho yake yenyewe yalikuwa yananiambia ukweli. Mzee mmoja akauliza kwa woga, "Na siye, hukutufuta?" Nikawasomea orodha nzima, jina kwa jina, kila mtu akaitika. Munganga alikuwa ametoka mlangoni na glavu zake. Akalitazama sanduku la vioo, akaitazama saa. "Jicho moja tu, muda hautoshi," akasema. "Mulete."

Ijumaa gari la waganga lilikuwa limeshawashwa walipomtoa mama mzee bandeji. Alipepesa, machozi yakamtoka. Kwanza aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. Halafu akamtazama mjukuu wake.

"Majina," akasema, "banakunyima chakula? Mbona umekonda hivi?"

Mtoto akacheka akajificha nyuma ya mama yake. Nami nikauliza, "Koko, unaona?"

Akageuka upande wa sauti yangu. Akanitazama, akanitazama, mpaka nikainamisha kichwa.

"Ni we ulinifukuza?"

"Ndiyo, koko. Ni mi."

"Kumbe uko mutoto," akasema. "Kwa ile sauti, nilizania ni muntu mukubwa."

Akanyoosha mkono. Mara hii hakutafutatafuta hewani; ulifika moja kwa moja shavuni pangu.