Udongo wa Bega la Kulia

Kwa miaka mingi ya utu uzima wangu, tena nikiwa na ndevu na cheti, niliamini kwamba kila mtoto anayezaliwa Tanzania hupandikizwa chembe ya udongo wa nchi kwenye bega la kulia. Sisemi kwa mfano. Udongo kweli, uliochotwa Magogoni, Ikulu kwenyewe, ukachekechwa, ukachemshwa, ukasambazwa kwa makopo kwenye kila zahanati. Nesi anachanja, anatia punje moja, kidonda kinafunga, na lile kovu dogo la mviringo linalobaki ndilo kifuniko chake.

Aliyenipa habari hizo alikuwa mzamiaji mmoja wa mtaani kwetu Gerezani, aliyejificha kwenye meli ya mizigo akafika Ugiriki, akarudishwa hata viatu havijakauka. Alituapia kwamba askari wa kule hawakumuuliza jina. Walimvua shati, wakamulika bega lake kwa tochi ya zambarau, udongo ukawaka kama kaa la moto, wakaambiana, "Huyu wa Dar." Ndiyo maana, alisema, mtoto wa Bongo aende wapi, mwisho wake atarudi, udongo unamvuta. Wengine walicheka. Mimi niliitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye alikuwa akishuku jambo hilo siku zote.

Na sikuwa mtu wa hivi hivi. Nauza zipu, vifungo na nyuzi kwenye kibaraza Kariakoo, mtaa uliojaa watu kiasi kwamba ukiangusha sindano haifiki chini, itachoma mtu njiani. Elimu yangu ni ya jioni. Mchana nilikuwa kibarazani, jioni kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, mpaka nikakipata cheti cha kidato cha nne chenye D ya Uraia, D nene iliyonona. Tangu hapo mtaa mzima ukaniita Msomi, nami sikumkataza mtu.

Pembeni yangu, kibaraza hicho hicho, alikaa fundi cherehani. Tulimwita Fundi, basi. Alitoka kwao Burundi akiwa kijana, akashuka kwenye treni ya Kigoma na mkasi mmoja, na miaka aliyokaa hapa ilitosha kuwashonea watoto sare ya darasa la kwanza na baadaye kuwashonea hao hao suti za harusi. Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Sisi wenye lugha ndio tuliokuwa tukiipinda. Msidhani alikuwa mnyonge. Fundi alikuwa na majivuno ya jogoo wa tajiri. Ukimletea kitambaa kibovu alikirudisha kwa ncha mbili za vidole, kama umemletea panya.

Alikuwa na jambo moja tu lililomnyima raha. Mkewe, binti wa Mbagala, alikuwa mjamzito. Fundi alikuwa ameomba uraia, anangoja majibu, na katika kungoja huko kibali chake cha kuishi kikaisha. Alitaka kuwapo mtoto akizaliwa. Alitaka ampokee yeye mwenyewe, akiwa mtu ambaye hashtuki kila gari jeupe likipunguza mwendo.

Kwa hiyo alisoma. Alinunua kitabu cha maarifa ya jamii cha darasa la tano kwa wauza vitabu vikuukuu vya kupangwa chini, kimeliwa pembe na mende, akakikariri chote, pamoja na maswali ya mazoezi. Halafu akaanza kututahini sisi.

"Haya, wananchi," alisema siku moja, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Nembo ya Taifa. Yule mwanamke, miguuni kwake kuna mmea gani?"

Nyuma yetu lilikuwepo duka la jumla la vitambaa, na mwenyewe alikuwa Mchaga, ambaye kama ilivyo desturi ya mjini tulimwita Mangi. Alijibu akiwa kaunta, bila kuinua macho.

"Kahawa."

"Kahawa, Mangi?"

"Sasa mtu achore mlima pale halafu asichore kahawa? Tumia akili, Fundi."

Mimi nikasema muhogo, kwa uhakika wote wa mwenye cheti.

Fundi alicheka mpaka cherehani ikasimama. "Pamba! Msomi, pamba! Unauza nyuzi za pamba kutwa nzima! Na mwanamume ana karafuu." Akaenda kwenye tangazo la serikali lililobandikwa ukutani, akatuonyesha kwa kidole. Kweli, nikaona pamba. Tangazo hilo nililiegemea kila siku kwa mwaka mzima, mgongo wangu ulikuwa unaijua nembo kuliko macho.

"Mikoa mingapi?" akaniuliza.

"Ishirini na ushee."

"Ushee ndiyo mkoa gani? Makao makuu yake wapi?"

Mtaa ukalia kwa kicheko. Ishirini na sita bara, mitano visiwani, akaitaja yote, ya Pemba kwa Pemba, ya Unguja kwa Unguja. Halafu stesheni za reli kutoka Kigoma, Uvinza, Kaliua, Tabora, Manyoni, anashuka nazo mpaka Pugu kama mtu anayeteremsha ngazi za nyumbani kwake gizani. Na mimi? Mbali kabisa nilikofika ni Mlandizi, tena kwa msiba, na njia nzima nililala. Kigamboni nilivuka na pantoni mara moja, nikarudi na pantoni hiyo hiyo kabla haijapakia wengine.

"Fundi," Mangi alimwambia, "wewe wakikupa uraia itabidi sisi tunyang'anywe. Nafasi hazitatosha."

Nami, ili nami nionekane nina la kumfundisha, ndipo nikamweleza habari ya udongo. Nilimweleza yote, makopo, tochi, Ugiriki. Nikamfunulia bega langu: kovu kubwa kama kifungo cha koti. Fundi akakunja mkono wa shati la kushoto. Lake lilikuwa kwenye kigasha, chini ya kiwiko, limefifia.

"Kwetu wanachanja hapa," akasema. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alilitazama kovu lake kama mshono wa fundi mwingine. "Basi wangu atachanjwa kulia."

Walikuja asubuhi, gari jeupe, maofisa wa kukagua vibali. Niseme haki yao: hawakusukuma mtu, hawakutukana. Walipita kibaraza kwa kibaraza wakisalimia. Nilipofikiwa, kitambulisho changu kilikuwa nyumbani, kwenye suruali nyingine. Ofisa aliyesimama mbele yangu alikuwa mtu mzima, miwani puani, sauti ya taratibu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Tanzania ina mikoa mingapi, kijana?"

Naapa nilikuwa naijua. Nilifundishwa na Fundi mara mia tisa. Lakini kinywa changu kikasema, "Ishirini na ushee."

Ofisa akatabasamu. Mangi akapaza sauti kutoka ndani: "Huyo wa Gerezani, afande! Mama yake kamzaa nyuma ya stesheni hapo, na kelele aliyoanza siku ile hajanyamaza mpaka leo!" Watu wakacheka, ofisa akacheka, nikapita. Uraia wangu wote ulikuwa huo: D moja na kelele.

Fundi hakuulizwa kitu. Ofisa alikuwa bado ananitazama mimi. Fundi ndiye aliyesimama, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeita mnada, "Mimi sina kitambulisho, afande. Lakini niulize chochote cha nchi hii."

Ofisa akamtazama. "Haya. Mikoa."

Akaimaliza. Wateja wakasogea. Wapagazi wakasimama na marobota vichwani. Ofisa akamuuliza mito, akaitaja. Akamuuliza nembo, akajibu pamba na karafuu, akanikonyeza. Tukapiga makofi. Nilijiona kama niko uwanjani na timu yetu inaongoza, nusu ya Dar es Salaam imejaa kwenye kibaraza kile, na mchezaji wetu hakosi goli.

"Vizuri sana," ofisa akasema, taratibu vile vile. "Shule ya msingi umesoma wapi?"

"Kigoma," Fundi akasema. Huo ndio uwongo pekee niliowahi kumsikia akisema.

"Asubuhi mkienda shule, ukiacha madaftari, mlikuwa mnabeba nini?"

"Kalamu."

"Na nini?"

"Rula," Fundi akasema. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Rula na... kifutio."

Sijui nani alianza. Labda ni yule mama muuza mihogo, labda Mangi, labda mimi. Ninachojua ni kwamba tuliitika wote, mtaa mzima, kwa ile sauti ya kuvuta ya darasa zima, "Kidumu na faaagio!" Tukacheka. Tulicheka kweli, maana kila mmoja wetu alikuwa na kidumu chake cha maji kilichomlowesha kaptura, na fagio la chelewa, na zamu ya kumwagilia maua, na fimbo ya siku aliyosahau. Mpagazi mmoja alianza kabisa kueleza jinsi alivyomwibia mwenzake fagio. Hakuna kitabu kilichoandika hayo. Nani angeandika? Kila mtu anayajua.

Kisha tukazisikia sauti zetu wenyewe. Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma, kama watu wanavyonyamaza jeneza likipita. Fundi alikuwa anatutazama, mmoja mmoja, uso wa mtu aliyekuta chumba ndani ya nyumba aliyodhani amekwisha kuizunguka yote.

Safari hii ofisa hakucheka. "Kibali?"

"Kiliisha, afande. Nimeomba uraia. Nangoja."

"Twende tukaongee."

Fundi akazima redio yake. Akafunika cherehani kwa kitambaa, akavuta pembe zote nne zikae sawa. Utepe alisahau, akaondoka nao shingoni. Alipofika kwangu akasimama.

"Msomi. Nesi asikosee. Bega la kulia."

"Nitakuwepo mwenyewe," nikamwambia.

Alirudishwa mpakani. Alipiga simu mara moja akiwa upande wa pili, sauti ikikatika. Alisema huko kwao hana mtu anayemkumbuka, na kwamba amewatajia mikoa yetu yote watu wa kijiweni wakamwita Mtanzania, kwa kumkejeli. Nilicheka ili acheke. Hakucheka. Baada ya hapo namba yake ikawa haipatikani, na bado haipatikani. Cherehani Mangi aliiingiza ndani, chini ya marobota. Wiki kadhaa baadaye aliniuliza ghafla, "Hivi karafuu ni ya mwanamke au ya mwanamume?" Nikajaribu kukumbuka. Tangazo la ukutani lilikuwa limeshabanduliwa.

Mtoto alizaliwa nyumbani kwao Mbagala kabla ya kuwahishwa hospitali, msichana, mwenye vidole virefu vya baba yake. Mama alipopata nguvu nikaenda naye kliniki siku ya chanjo ya kwanza. Nilivaa shati la mikono mirefu, na pasi nilipiga mara mbili. Tulikaa benchi pamoja na akina mama wengi, mwanamume nikiwa peke yangu.

"Shemeji, sema wewe," mama mtoto akaninong'oneza tulipoitwa. "Mimi naona aibu."

Nesi alikuwa na uso wa mtu aliyeanza kazi juzi na hajakaa chini. Alimfunua mtoto, akachukua sindano.

"Samahani, dada nesi," nikasema. "Ule udongo. Baba yake ameomba uwekwe bega la kulia. Tafadhali sana usikosee, yeye wa kwake uliwekwa mkono wa kushoto."

"Udongo gani?"

Nikamweleza. Magogoni, makopo, kifuniko, tochi ya zambarau. Sauti yangu ilizidi kuwa ndogo kadiri nilivyoendelea, maana benchi zima lilikuwa limenyamaza, na nilikuwa najisikiliza kwa mara ya kwanza. Nesi hakunicheka. Afadhali angecheka.

"Baba yake yuko wapi?"

"Amerudishwa Burundi."

Alimshika mtoto bega la kulia, akalipangusa kwa pamba.

"Hakuna udongo, baba," akasema. "Hii ni chanjo ya kifua kikuu. Anachanjwa kila mtoto anayeletwa hapa, awe wa nani. Na huko kwa baba yake wanachanja dawa hii hii, ila mkono mwingine."