Sauti za Kalehe Sifuti

Mimi si fundi wa kompyuta. Katika ofisi yetu ya wakulima hapa Bukavu nilikuwa sekretari: kuandika barua, kupokea wageni, na anayedhani sijui zaidi ya hapo namwacha adhani. Lakini siku mkurugenzi aliponiagiza nifute sauti za akina mama wa Kalehe, nilikataa. Hadi leo sijutii.

Zilikuwa rekodi tulizokusanya mashambani, wakulima wazee wakitaja mbegu za maharagwe za zamani, ipi huvumilia mvua, ipi huiva upesi. Bibi mmoja alianza kwa kunionya: "Andika muzuri, mwana wangu. Sitarudilia." Miezi miwili baadaye tulikwenda kumzika.

"Ordinateur iko inasema disque imejaa," mkurugenzi aliniambia, akiionyesha kompyuta. "Futa ile masauti. Niko na mapicha ya séminaire ya kuweka."

"Papa directeur, maman mumoja alishakufa. Sauti yake iko hapa tu, hatuna copie."

"Disque imejaa, maman. Unataka nifanye nini?"

Picha za semina. Yeye akipeana mikono, yeye akikata utepe, yeye akila. Kompyuta ile niliipokea mwenyewe, nikasaini karatasi iliyoandikwa disk ya tera moja. Tera moja haijazwi na habari za maharagwe.

Nikafungua kile kidirisha cheusi ambacho ofisini kwetu huguswa na fundi peke yake. Nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha disk na vipande vyake, mojawapo ya zile nilizoinakili kwenye daftari siku fundi alipofanya kazi mbele yangu akiniona kama kiti. Mistari ikatokea. Disk nzima: giga mia tisa thelathini na moja, ndivyo kompyuta inavyoihesabu tera moja. Sehemu tuliyokuwa tukiitumia: giga mia moja. Aliyeitengeneza alikata kipande, akasahau kingine chote.

"Papa, kuja uone. Kachumba kamoja tu kamejaa. Nyumba yote iko wazi."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye ilibidi aambiwe, tena aonyeshwe kwa kidole. Alivaa miwani, akasoma, akavua.

"Nani alikuambia uguse hapa?"

"Hakuna mutu. Nilisaini disque ya tera moja, nataka kuiona yote."

Akarudi ofisini kwake. Mchana ule ule nilifungua ile sehemu iliyosahauliwa, daftari likiwa magotini. Picha zake zilikuwa mezani pangu, ndani ya kiflashi, nikaziacha zingoje. Nilihamisha kwanza sauti za Kalehe, zote, kisha nikafungua ya yule bibi nihakikishe imefika salama.

"Andika muzuri, mwana wangu. Sitarudilia."

Nikamrudilia mimi, nikaicheza sauti yake mara tatu, mlango ukiwa wazi mkurugenzi asikie.